Kanzu Mbili za Kwenda Mlimani

Dani alipoingia dukani kwangu mara ya kwanza, alivua viatu mlangoni. Nilimwambia hakuna haja, sakafu yenyewe imejaa vipande vya nyuzi na vumbi la chaki, lakini alikuwa ameshaviweka kando na anatazama cherehani zangu kwa makini, kama mtu anayekagua mbuzi kabla ya kununua. Nyuma yake alisimama binti yake, rafiki yangu, anayeuza omena, wale dagaa wa ziwani, na samaki waliokaushwa mkabala na duka langu hapa Migori mjini. Pale sokoni kila mtu alimwita huyo mama Dani, yaani bibi kwa Kijaluo, basi nami nikamwita hivyo hivyo.

"Amefika jana kutoka Mbita," rafiki yangu alisema. "Anataka kanzu ya kanisa. Nimemwambia Mbita mafundi wamejaa, hasikii."

"Mafundi wa huko wanashona fupi," Dani akajibu. "Mimi nataka inayofika chini."

Mimi ni Mwislamu. Baba yangu alikuja Migori kutoka pwani kuuza vitambaa, akaoa, akazeeka, akazikwa hapa hapa, na duka ndilo alilotuachia. Nimezaliwa huku na Kijaluo nakiongea kama wenzangu, ingawa hadi leo wapo wanaoniita Nyar Mombasa, binti wa Mombasa, mji niliokwenda mara chache tu kuwaona shangazi zangu. Kanzu za makanisa nimezishona tangu nijue kukanyaga cherehani: nyeupe, buluu, za manjano, zenye misalaba kifuani na zisizo nayo. Kwa hiyo sikuona jambo lolote geni. Nilichukua futi, nikampima Dani mabega, kifua, urefu hadi kwenye kisigino. Alinyoosha mikono yake pembeni na kutulia kabisa.

Nilipomaliza, hakushusha mikono yake mara moja. Alimtazama binti yake, akaniambia, "Sasa mpime huyu."

Rafiki yangu akacheka. "Mimi? Mimi nakwenda wapi na kanzu? Mama, mimi nina kanisa langu."

"Mpime," Dani akarudia.

Alivuta kiti cha wateja, akakaa, na kuanza kueleza. Alizungumza Kijaluo, polepole, bila kupandisha sauti. Alisema rafiki yangu alipokuwa bado ananyonya, aliugua homa kali kule Mbita. Aliacha kunyonya, kisha akaacha kulia. Nyanya mzaa baba alishachukua leso na kumfunika uso, na wanawake wa boma walishakaa chini kuomboleza. Dani akaiondoa ile leso. Akasema mbele yao wote kwamba mtoto akifumbua macho, yeye na mtoto watatembea kwa miguu kutoka kwenye mlango ule mpaka mlimani, wamshukuru Mungu huko juu.

"Ukafumbua," akamwambia binti yake.

Kisha akaeleza kwa nini hawakwenda. Mume wake alikuwa wa kanisa jingine na hakutaka kusikia habari ya mlima. Alipofariki, kulikuwa na watoto wadogo wa kusomesha. Wadogo walipokua, wajukuu wakaja. Binti mwenyewe alikuwa ameshahamia Migori, ana biashara yake na watoto wake. "Lakini miguu yangu bado inakubali," alisema. "Ya mwakani sijui."

Rafiki yangu ni mwanamke wa maneno. Akibishana na mnunuzi, soko zima husikia. Siku hiyo alisimama tu karibu na meza yangu ya kukatia, mkono wake mmoja ukiwa bado umeshika mfuko wa plastiki wenye samaki. Nilidhani amekasirika. Baadaye aliweka mfuko chini, akajifuta viganja kwenye sketi, akanyoosha mikono pembeni kama mama yake alivyofanya.

"Pima," akaniambia.

Nilizungusha futi mabegani mwake. Sikumtazama usoni. Nilisoma vipimo vyangu na kuviandika, na mpaka leo nakumbuka kwamba ilinibidi nipime tena.

Mlima wenyewe uko upande wetu wa Migori. Ukiwa na gari, kutoka mjini ni mwendo mfupi. Kwa watu wa kanisa la Dani ni mahali patakatifu, na hupanda huko kuomba, wakiwa wamevua viatu tangu chini. Sitautaja kwa jina, kwa sababu Dani mwenyewe hakulitaja. Alisema Mlima, basi, kana kwamba duniani hakuna mwingine. Mimi nilikuwa nimeuona maisha yangu yote jinsi mtu anavyouona mnara wa simu. Sasa nikaelewa kwamba kuna mtu, kule Mbita kando ya ziwa, aliyekuwa akiufikiria tangu mimi mwenyewe sijazaliwa.

Kwa vile nadhiri ilitolewa Mbita, safari ilipaswa kuanza Mbita. Rafiki yangu alijaribu kuhoji kidogo: hawawezi kupanda gari hadi Ndhiwa, kisha watembee kuanzia hapo? Dani alimtazama tu. Suala hilo halikuzungumzwa tena.

Dani alikaa Migori wakati kanzu zinashonwa, na kila alasiri, wateja wakipungua, tulikutana dukani kupanga njia. Nilichora kwa chaki juu ya meza ya kukatia: Mbita huku pembeni, Migori kule, na katikati bonde la Lambwe, mwinuko wa Kanyamwa, Ndhiwa, mto Kuja. Kitambaa cha mteja kikipita juu yake, mchoro ulifutika, nami nikauchora upya kesho yake. Kila nilipochora, Dani alikuwa na jambo la kuongeza. Hapa palikuwa na chemchemi. Hapa mama yake, walipopita yeye akiwa msichana, alimvunjia tawi la majani apige nalo mbung'o njia nzima, kwa sababu bonde la Lambwe lilikuwa na mbung'o na watu waliliogopa.

"Dani, hapo sasa ni hifadhi ya wanyama," nilimwambia, nikimwonyesha kwenye simu. "Wamezungusha ua. Huwezi kukata katikati."

Alifikiri. "Basi tutazunguka ua."

Rafiki yangu alitaka wafuate lami kupitia Homa Bay, palipo na maduka na hospitali karibu. Alisema mama yake ana presha, jua la Lambwe si mchezo, na ule mwinuko wa Kanyamwa hata magari huukwea kwa kunguruma. Dani alitaka njia ya mama yake. Walibishana hivyo kwa siku kadhaa, mpaka siku moja Dani akainuka, akavaa viatu vyake na kutuambia tumfuate. Alitoka mjini akashika njia ya vumbi kati ya mashamba ya miwa. Alitembea bila haraka, mikono nyuma, akisalimia kila mtu. Tuliporudi, mimi nilikuwa nachechemea na rafiki yangu anatafuta maji. Dani aliketi kwenye kiti cha wateja akauliza kama kuna chai.

"Njia ya Kanyamwa," rafiki yangu akasema, akihema. "Sawa, Mama. Njia ya Kanyamwa."

Mahali pa kulala alipapanga Dani mwenyewe. Aliazima simu ya binti yake na kuwapigia watu wa kanisa lake walioko njiani, mmoja baada ya mwingine, akipaza sauti kama mtu aliye ng'ambo ya mto. Huyu ana nyumba ya wageni, yule atatupa jiko, wa Ndhiwa anataka tukae hata wiki. Tulikubaliana kungoja mahindi yavunwe, mvua ipungue, njia zikauke. Tulikubaliana juu ya uji wa unga wa wimbi, omena kavu, njugu na viazi vitamu vya kuchemsha. Nasema "tulikubaliana" kwa mazoea tu. Wakati huo niliamini kwamba mimi ni mchoraji wa chaki tu.

Siku Dani alipokuja kujaribu kanzu, alijitazama kwenye kioo mbele na nyuma, akaridhika na pindo, kisha akaniuliza, "Na wewe umejishonea ya rangi gani?"

Nilicheka. "Mimi nina swala zangu, Dani."

"Sikusema uswali zangu. Nimesema tutembee. Umeijua njia yote hii, halafu ubaki hapa unashona?"

Jioni nilimweleza mume wangu. Ana duka la vyuma na rangi karibu na msikiti, na ni mtu wa maneno machache. Alimaliza kula, kisha akauliza, "Utaswali wapi?"

"Njiani. Nitapunguza swala, kama msafiri."

"Na kule mlimani?"

"Sitapanda. Nitawasindikiza mpaka chini, niwangoje."

Akanawa mikono. Kesho yake alirudi na raba za kutembelea, saizi yangu, na kibirika kidogo cha plastiki cha kutilia maji ya udhu. Akaviweka kitandani, akaenda kuoga.

Mahindi yalipovunwa tulipanda gari hadi Mbita. Asubuhi ya kuondoka kulikuwa na ukungu juu ya ziwa, na kisiwa cha Rusinga hakikuonekana. Dani alifunga mlango wa nyumba yake, akaweka kiganja juu ya mbao na kukiacha hapo kwa muda. Kisha akageuka na kuanza kutembea, sisi nyuma yake. Kanzu zilikuwa zimekunjwa kwenye mkoba wa rafiki yangu. Dani alisema nguo ya mlimani haivaliwi vumbini.

Sitasimulia kila hatua, maana sehemu kubwa ya kutembea ni kutembea tu. Miguu inauma, halafu inazoea, halafu inauma mahali pengine. Tulipumzika wakati wa jua kali. Watu wa bodaboda walisimama kutuuliza tunakwenda wapi, na Dani alipowajibu, walizima pikipiki zao, wakatuamkia kwa heshima na kutuacha tupite. Sikuwahi kuona watu wa bodaboda wakizima pikipiki kwa ajili ya mtu. Katika Lambwe, tukizunguka ua wa hifadhi, twiga walisogea upande wa pili wa waya, wakatuinamishia shingo na kututazama. Dani naye akasimama, akawatazama. Alisema walipopita zamani hakumwona hata mmoja, na kwamba Mungu anaongeza vitu.

Kanyamwa tuliipanda polepole, tukishika mawe na mizizi. Tulipofika juu niligeuka, nikaona bonde lote tulilotoka, manjano na kijani, milima ya Gwassi upande mmoja, na mbali kabisa mstari wa ziwa ukimeta. Rafiki yangu alikuwa amekaa chini, kichwa katikati ya magoti. Alipoinua uso na kuona, alimwuliza mama yake, "Nyumbani ni pale?" Dani akamwonyesha kwa kidole. Rafiki yangu akatazama kwa muda mrefu umbali ambao miguu yake mwenyewe ilikuwa imeuvuka.

Kule Ndhiwa tulipokelewa na mwanamke mkulima wa kanisa la Dani. Hatukuwa tumewahi kuonana naye. Alitupa maji ya kunawa, akatuketisha, kisha akatoka nje na kurudi na kuku mkono mmoja, kisu mkono wa pili. Alikuja moja kwa moja kwangu.

"Mama wa Mbita alitupigia," alisema. "Alisema kuna Mwislamu kati yenu, na kwamba mkilala kwangu nisichinje mimi. Chinja wewe, ili tule wote."

Nilimtazama Dani. Alikuwa anakanda miguu yake kana kwamba hasikii. Nikakumbuka zile simu zote alizopiga dukani kwangu kwa sauti ya juu, na jinsi kila mazungumzo yalivyoishia kwa maneno machache ya chini chini ambayo mimi, nikiwa kwenye cherehani, sikuyajali. Kumbe nyumba zote tulizotakiwa kulala zilishaambiwa. Hata kabla sijajua kwamba nitakwenda, nilikuwa nimepangiwa.

Sikuwa nimewahi kuchinja. Nyumbani kazi hiyo ilikuwa ya baba, kisha ya mume wangu. Lakini mwanamke yule alikuwa amesimama mbele yangu akingoja kwa heshima. Nilielekea kibla kwa kukisia jua, nikataja jina la Mwenyezi Mungu, nikachinja. Tukala sote kwenye sinia moja, kuku na ugali, na mwenye nyumba akatuombea kwa Kijaluo kwa urefu, nami nikaitikia amina mahali palipostahili.

Tulivuka mto Kuja darajani, maji yakiwa ya kahawia na mazito. Siku iliyofuata, alasiri, njia ilipanda kilima kidogo cha mawe, na tulipofika juu Mlima ulikuwa mbele yetu.

Ulikuwa ule ule. Si mrefu sana, na mabega yake yamejaa vichaka na mawe. Lakini nilikuwa sijawahi kuufikia kwa upande ule, wala kwa miguu, wala nikiwa na watu wawili walioacha kuongea kwa wakati mmoja. Rafiki yangu alishika mkono wa mama yake. Dani hakulia, hakupiga magoti. Alisimama wima sana. Nilijikuta nami nikiurekebisha ushungi wangu, kama mtu aliyebisha hodi na kusikia hatua ndani.

Chini ya mlima kulikuwa na watu wengi waliotoka mbali, wengine kwa malori, wengine kwa miguu kama sisi. Tulipewa mahali kwenye chumba cha wanawake. Kabla ya mapambazuko rafiki yangu alifungua mkoba, akamvalisha mama yake kanzu, kisha akavaa yake. Nilimfunga vifungo vya mgongoni. Aliniuliza kama imemkaa vizuri, nikamwambia imemkaa. Waliacha viatu vyao karibu nami, wakaenda.

Nilitawadha kwa kile kibirika na kuswali alfajiri pembeni, kwenye nyasi zilizolowa umande. Nilipomaliza na kutoa salamu, kuimba kulikuwa kumeanza. Kulitoka chini, karibu nami kabisa, sauti chache za wanawake, kisha kukapokewa juu zaidi, kisha juu zaidi, mpaka ikawa kama mlima wenyewe unaimba kutoka miguuni hadi kichwani. Mwanga ukaja. Nikaona mstari wa watu kwenye mteremko, nyeupe na buluu na manjano, ukipinda kati ya mawe, mrefu kuliko nilivyotarajia, unapanda taratibu sana. Niliwatafuta Dani na rafiki yangu. Kanzu nilizozikata na kuzishona kwa mikono yangu, ninazojua kila mshono wake, sikuweza kuzitambua tena. Zilikuwa zimeingia miongoni mwa nyingine zote.

Nilibaki pale pale nilipokuwa nimeketi kwenye mkeka. Jua lilinifikia usoni na sikuhama. Sijui namna nyingine ya kulieleza jambo hilo. Sikuacha imani yangu wala kutamani ya mtu. Niliogopa kidogo, ile hofu nzuri, kama unapobeba mtoto mchanga wa mtu mwingine. Nilifikiri juu ya mwanamke kijana kule Mbita akiondoa leso usoni mwa mwanawe mbele ya wakwe waliokwisha kukata tamaa, na jinsi neno lake lilivyokaa miaka yote hiyo bila kuchakaa.

Walishuka jua likiwa limepanda. Dani alikunywa uji, akalala papo hapo, mdomo wazi. Rafiki yangu alikaa kando yangu, miguu yake imejaa vumbi jekundu.

"Alifanya nini huko juu?" nikamwuliza.

"Hakuna. Alipiga magoti, akanishika hapa." Alinionyesha kifundo cha mkono. "Akasema, 'Mtoto mwenyewe ndiye huyu.' Basi. Halafu akaniachia."

"Na wewe?"

Alifikiria. "Nilijiona mdogo sana," alisema. "Nina watoto wakubwa, lakini pale nilikuwa mdogo kabisa, na nimebebwa."

Akaanza kujipangusa vumbi miguuni.

Tulimwuliza Dani kama angependa kupumzika Migori kabla ya kurudi kwake. Alisema nadhiri ilikuwa ya kwenda, ya kurudi hakuitoa, kwa hiyo atafutiwe gari. Rafiki yangu alimpata mtu wa pikap aliyekuwa anakwenda Mbita kuchukua samaki. Dani aliketi mbele karibu na dereva, akateremsha kioo, na kabla gari halijaondoka nilimsikia ameshaanza kumweleza dereva habari za Kanyamwa.

Rafiki yangu hakuhamia kanisa la mama yake. Jumapili bado anakwenda kule kule alikokuwa akienda, na sokoni bado anabishana na wanunuzi mpaka nikisimamisha cherehani nasikia kila neno. Ila sasa huenda Mbita mara nyingi kuliko zamani, hata asipokuwa na samaki wa kununua.

Niliporudi nyumbani, mume wangu alinitengea maji ya moto ya kuloweka miguu, akaketi mbele yangu kwenye kigoda, akanitaka nimweleze yote. Nilimweleza habari za twiga, nikamweleza za kuku, akacheka mpaka akafuta machozi kusikia kwamba mimi nimechinja. Nilipofika kwenye ile asubuhi chini ya mlima nilianza sentensi, nikaiacha, nikaanza nyingine. Alingoja. Mwishowe akaniongezea maji ya moto kwenye beseni.